Vanessa: jina lililotungwa na mtu mmoja

Kadi ya kliniki ya mtoto wa jirani yangu hapa Nkuhungu, Dodoma, imeandikwa "Venesa". Mama yake huandika "Vanessa", s mbili, na hataki mchezo na hizo s. Bibi yake wa Kongwa anamwita Nesa tu, na mtoto anaitika. Siku ya ubatizo bibi aliuliza maana ya hilo jina. Kijana mmoja akajibu, "Kipepeo, bibi. Ni Kigiriki." Jibu zuri, ila si kweli.

Majina mengi hatujui nani aliyaanzisha. Hili tunajua: ni Jonathan Swift, mwandishi na kasisi wa Dublin, Ireland. Alikuwa na rafiki aitwaye Esther Vanhomrigh, binti wa mfanyabiashara mwenye asili ya Uholanzi aliyewahi kuwa meya wa Dublin. Swift akachukua "Van" ya jina la ukoo, akaunganisha na "Essa", Esther kwa kudekeza, akamwita hivyo katika shairi alilomtungia. Esther alifariki mwaka 1723. Shairi likachapishwa 1726, na jina la siri la watu wawili likawa la kila mtu.

Tukilichambua, "van" kwa Kiholanzi ni "wa", kama tusemavyo mtu wa Kondoa. "Essa" ni Esta, jina la malkia yule wa kwenye Biblia, ambalo mara nyingi huhusishwa na neno la Kiajemi la nyota. Ukilazimisha tafsiri, unabaki na "wa Esta". (Jirani zetu Wahehe, ambao kwa lugha yao ni Vahehe, wangeweza kudhani Vanesa ni kabila.)

Na kipepeo? Huyo alikuja baadaye. Mwaka 1807 mtaalamu wa wadudu kutoka Denmark, Fabricius, alilipa kundi moja la vipepeo jina la Vanessa. Mmoja wao yupo hata Tanzania: mabawa ya rangi ya chungwa, ncha nyeusi zenye madoa meupe. Kwa hiyo ni kipepeo aliyepewa jina la msichana.

Nilimweleza bibi habari hizi zote. Akasikiliza hadi mwisho, akauliza kama huyo Esta aliolewa. Nikamwambia hapana. Akaguna, akageukia mlangoni: "Nesa! Njoo unywe uji."