Siku ya Pili Baada ya Utepe: Kwa Nini Mradi wa Maji Hufa Ungali Mpya

Bomba lilikuwa limezibwa kwa gunzi la muhindi lililokazwa na mpira wa baiskeli. Kwenye nguzo ya zege juu yake kibao cha uzinduzi bado kilikuwa kinang'aa: jina la mgeni rasmi, jina la mradi, tarehe. Miaka minne ilikuwa haijatimia. Pembeni kidogo, njia ya miguu ilikuwa imechongeka upya kuelekea korongoni, kule kule walikokuwa wakichota kina mama kabla mradi haujaja.

Kazi yangu ni kuwafundisha watumishi wa serikali za mitaa sera na utawala, na kundi jipya likifika hupenda kulipeleka kwanza kwenye gati kama lile, yaani kituo cha kuchotea maji, kabla hatujafungua daftari. Wengi huja na imani kwamba kinachoikwamisha serikali ni uhaba wa fedha, basi. Uhaba upo, tena mkubwa. Lakini pale kisima kilichimbwa, tenki likajengwa, mabomba yakalazwa kilomita kadhaa. Fedha ilitoka. Kilichokosekana ni koki inayouzwa kwenye duka lolote la vifaa vya ujenzi, na mtu ambaye ni kazi yake kwenda kuinunua.

Nchi yetu haijaanza jana kuhangaika na jambo hili. Mwaka 1971 Tanzania ilitangaza mpango wa miaka 20 wa maji vijijini: ifikapo 1991 kila mwananchi apate maji safi ndani ya mita 400 kutoka nyumbani kwake. Maji yangekuwa ya bure, Serikali ijenge na iendeshe. Wafadhili wakagawana mikoa. Finland ikaingia Mtwara na Lindi, Denmark ikashika Iringa, Mbeya na Ruvuma, Sweden ikaenda kanda ya Ziwa. Kila mmoja alikuja na wataalamu wake na aina yake ya pampu. Wazee wa Mtwara bado wanazikumbuka zile pampu za mkono za Nira zilizotoka Finland. Pampu ikiharibika, kipuri chake huwezi kukiazima mkoa wa jirani, maana kule wana pampu ya nchi nyingine. Wakati huohuo, halmashauri zilizotakiwa kusimamia vitu hivi zilikuwa zimefutwa mwaka 1972 kwa mpango wa madaraka mikoani, zikaja kurejeshwa katika miaka ya 1980. Gari la fundi lilikosa dizeli, kisha likakosa matairi, kisha likakosa fundi.

Mwaka 1991 ukafika, lengo halijafikiwa. Sera mpya ya mwaka huo ikaanza kumtaka mwananchi achangie. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 ikaenda mbali zaidi. Ilibakiza zile mita 400, ikaweka kiwango cha chini cha lita 25 kwa mtu kwa siku na kituo kimoja kwa watu 250, halafu ikasema wazi kwamba gharama za kuendesha na kukarabati mradi wa kijijini zibebwe na watumia maji wenyewe. Hapo ndipo ningependa msomaji atulie nami kidogo, kwa sababu mjadala wa maji majukwaani hupita juu ya sentensi hiyo kana kwamba haipo.

Tuchukue viwango vya sera yenyewe. Watu 250 wakitumia lita 25 kila mmoja ni lita 6,250 kwa siku, yaani ndoo 312 hivi za lita 20. Tuseme ndoo inauzwa shilingi 50. Gati moja linaingiza zaidi ya shilingi 15,000 kwa siku, na kwa mwezi linakaribia 470,000. Mradi wenye magati kumi unapaswa kugusa milioni nne na nusu kila mwezi. Kwenye karatasi hapo pana posho ya wauza maji, pana umeme wa pampu, pana mshahara wa fundi, na akiba ya kununua pampu nyingine inabaki.

Sasa mvua zinaanza. Kila nyumba yenye bati inakinga maji, madimbwi yanajaa, na ndoo za kulipia zinapungua nusu au zaidi kwa miezi mitatu, minne. Bili ya umeme haisubiri kiangazi. Zahanati na shule zinachota kwa ahadi ya kulipa fungu likija. Muuza maji kwenye gati ni mama mwenye wateja ambao ni wifi zake na jirani zake, atawakopesha. Halafu kunakuja msimu wa uchaguzi, na mgombea mmoja anapanda jukwaani na kutangaza kwamba akichaguliwa maji yatakuwa bure. Hapohapo malipo yanasimama, maana nani alipe leo kitu kitakachokuwa bure kesho? Ile milioni nne na nusu ya kwenye karatasi inageuka laki sita, na pampu inaungua mwaka wa tatu akiba ikiwa haijafika hata robo ya bei yake.

Ndiyo maana nchi ilipofanya zoezi la kuhesabu na kuchora ramani ya vituo vya maji vijijini, miaka kumi na kitu iliyopita, takriban vinne katika kila kumi vilikutwa havitoi maji. Wanafunzi wangu hukaa kimya wanapoisikia namba hiyo, na mimi pia bado hunishtua kila ninapoitaja.

Serikali ilijibu. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira Na. 5 ya mwaka 2019 iliunda Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, RUWASA, ulioanza kazi Julai mwaka huo. Wahandisi wa maji waliokuwa chini ya wakurugenzi wa halmashauri wakahamia kwenye wakala, chini ya Wizara ya Maji. Zile kamati za maji za kijiji nazo zikapisha vyombo vya watoa huduma ya maji ngazi ya jamii, ambavyo wengi tunaviita jumuiya za maji. Kimoja kinaweza kubeba vijiji kadhaa, na kinatarajiwa kuwa na fundi na mhasibu wa kuajiriwa badala ya watu wa kujitolea. Kwa maoni yangu huu ulikuwa uamuzi mzuri. Fundi wa kujitolea mwenye shamba la kulima hawezi kulinda usiku na mchana mradi wa mamilioni.

Lakini kila muundo mpya huacha mshono mahali. Zamani diwani akibanwa na wapiga kura wake kuhusu bomba, alisimama kwenye kikao cha baraza na kumuuliza mkurugenzi, na mkurugenzi hakuwa na pa kukimbilia. Leo mkurugenzi anaweza kujibu, tena kwa haki kabisa, kwamba maji ni suala la RUWASA. Meneja wa RUWASA wa wilaya ataalikwa kwenye baraza, ataeleza vizuri, ila bosi wake hakai mle. Mwenyekiti wa kijiji atasema jumuiya ni ya vijiji vinne, yeye ana kimoja. Jumuiya itasema inasubiri meneja. Hakuna hata mmoja kati yao aliyesema uongo, na gunzi bado liko bombani. Nchi nyingi duniani zina tatizo la sura hii kwenye barabara, shule na hospitali zao: kazi ya kujenga ina mwenyewe, ina fungu la maendeleo, mkandarasi na mgeni rasmi, kazi ya kutunza imegawanywa kwa watu wengi kiasi kwamba kila mmoja ana kipande kisichotosha kumfanya alaumiwe.

Huwa naulizwa, mwananchi wa kawaida afanye nini na mambo makubwa hivi. Ibara ya 145 na 146 za Katiba ya mwaka 1977 zinasema serikali za mitaa zipo ili kupeleka madaraka kwa wananchi, na kijijini madaraka hayo yana jina: mkutano mkuu wa kijiji. Kila mkazi mwenye umri wa miaka 18 na kuendelea ni mjumbe, na unatakiwa kuitishwa angalau kila miezi mitatu. Ajenda ya mapato na matumizi si hisani ya mtendaji. Jumuiya ya maji nayo inaweza kuitwa kwenye mkutano huo na kuulizwa maswali mepesi kabisa: tuliuza ndoo ngapi mwezi uliopita, benki kuna shilingi ngapi, fundi ni nani na namba yake ya simu ni ipi, pampu ikiungua leo tunazo fedha za kununua nyingine?

Nilikaa kwenye mkutano mmoja wa namna hiyo, chini ya mwembe, nyuma ya ofisi ya kijiji. Mwenyekiti alikuwa ameshaanza kufunga aliponyoosha mkono bibi mmoja aliyekaa mkekani na kitenge mabegani.

"Ndugu mwenyekiti, nilisikia umesema mapato ni mazuri. Mazuri ni shilingi ngapi?"

Mwenyekiti akamtazama mhazini wa jumuiya. Mhazini akafungua daftari la kaunta lililochakaa pembe, akapekua, akapekua tena.

"Bibi, takwimu kamili nitaleta mkutano ujao."

"Hapana mwanangu. Soma hizohizo ulizonazo. Tutakusaidia kujumlisha."

Alisoma. Ilimchukua karibu saa nzima, mwezi kwa mwezi. Kijana mmoja wa bodaboda alijumlisha kwenye simu, na mwalimu mkuu akaandika kwenye ubao ulioletwa kutoka darasani. Iligundulika kwamba shule yake mwenyewe ilikuwa haijalipa miezi saba. Alikiri mbele ya watu wote na kuahidi tarehe. Iligundulika pia kwamba hakuna aliyeiba. Magati mawili yalikuwa yakivuja usiku kucha, na maji yaliyosukumwa kwa umeme wa kulipia yalikuwa yakiishia kwenye migomba ya watu. Kabla jua halijazama walikuwa wamekubaliana nani aende mjini kesho yake kununua koki, kwa fedha ipi, na risiti aikabidhi kwa nani. Bibi aliomba risiti hiyo ibandikwe kwenye mlango wa ofisi ya kijiji. Nilipopita tena wiki tatu baadaye ilikuwepo, imeshikizwa kwa misumari miwili.