Frateri Aliyerudi Nyumbani Hajashindwa Kitu

Aliingia ofisini, tukasalimiana Tumsifu Yesu Kristo, akakaa ukingoni mwa kiti na kipochi chake magotini. Alinyamaza mpaka chai niliyommiminia ikapoa. Kisha akauliza swali ambalo tangu Januari nimeulizwa na akina mama wanne: "Baba Padre, mwanangu amekosea wapi?"

Mwanawe hakukosea popote. Alikuwa frateri, yaani mwanafunzi wa upadre katika seminari kuu. Alimaliza mwaka wa pili wa teolojia, akazungumza na gombera, mkuu wa seminari, akamwandikia askofu barua ya ukurasa mmoja, akafunga sanduku lake akarudi kwao. Huko kwao sasa baba hasemi naye. Kwenye jumuiya ndogo ndogo watu hupunguza sauti mama akiingia. Na nyuma ya nyumba kuna ng'ombe ambaye tangu akiwa ndama anaitwa "wa Misa ya kwanza", yaani wa sherehe ya siku ambayo kijana angeadhimisha Misa akiwa padre. Amekwisha kuzaa mara mbili, na hakuna anayethubutu kumuuza.

Mimi ni mkurugenzi wa miito, yaani mshughulikia vijana wanaoomba upadre, katika jimbo moja Katoliki la Tanzania, na nimechoka kulijibu jambo hili kwa mtu mmoja mmoja. Ninachoandika ni utaratibu wa Kanisa Katoliki. Waanglikana na ndugu zetu Walutheri wa KKKT wana wa kwao.

Dhana yenyewe ni hii: kwamba seminari kuu ni kama chuo cha ualimu. Unaingia mwaka wa kwanza, unafanya mitihani, ukifaulu unapewa upadre, ukirudi nyumbani bila upadre maana yake umefeli au umefanya jambo la aibu ambalo mapadre wanalificha. Ndivyo sivyo. Mitihani ipo, na falsafa imewatoa jasho wengi, lakini kijana anaweza kuongoza darasa miaka yote na bado asipewe daraja takatifu, yaani asipadrishwe, kwa sababu upadre si shahada. Sheria ya Kanisa inadai masomo ya miaka 6 kamili kwa uchache, 2 ya falsafa na 4 ya teolojia. Jumlisha mwaka wa malezi kabla ya falsafa, jumlisha mwaka wa uchungaji parokiani, utafika 8 au 9. Kama lengo lingekuwa kumfundisha mtu kuadhimisha Misa, miezi 6 ingetosha. Miaka mingine yote ni ya kuchunguzana.

Na uchunguzi huo una pande mbili. Walezi wanamtazama frateri katika utu wake, sala zake, masomo yake na namna anavyokaa na watu. Kila mwaka wanakutana, wanamjadili jina kwa jina, na gombera anampelekea askofu taarifa. Akienda likizo, paroko wake naye anaandika: alikuja Misa za asubuhi? Alikwenda vigangoni, kwenye makanisa madogo ya parokia, au alishinda kwenye simu? Upande wa pili ni frateri mwenyewe, anayejiuliza usiku kama haya ndiyo maisha yake. Kwa ajili hiyo ana mlezi wa kiroho, na hapa kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui: inapofika saa ya kuamua kama kijana apewe daraja au aondolewe, ni marufuku kumuuliza mlezi huyo wa kiroho au muungamishi wake maoni yao. Kanuni ya 240 ya Sheria ya Kanisa imefunga mlango huo kabisa. Lengo ni kijana awe na mtu wa kumwambia "sina hakika" bila kuogopa kwamba kesho neno hilo litakuwa mezani kwa gombera.

Sasa niambie, uchunguzi wa namna hiyo una maana gani kama jibu linaloruhusiwa ni moja tu?

Kuna kanuni nyingine, ya 1026, ambayo ningependa ibandikwe kwenye mlango wa kila nyumba yenye frateri. Inasema anayepewa daraja lazima awe na uhuru, na kwamba ni kosa kubwa kumlazimisha mtu kwa namna yoyote, kwa sababu yoyote, apokee daraja takatifu. "Kwa namna yoyote" si panga shingoni pekee. Ni pamoja na mama kuacha kula. Ni pamoja na ng'ombe.

Kabla ya ushemasi, daraja inayotangulia upadre, na tena kabla ya upadre wenyewe, kijana huandika tamko kwa mkono wake mwenyewe, kwamba anaomba daraja kwa hiari na uhuru, na kwamba atajitoa kwa huduma hiyo maisha yake yote. Si fomu ya kujaza, wala haichapwi kwenye kompyuta. Nilipata kukaa na kijana mmoja siku hiyo. Nilimpa karatasi za mistari na kalamu ya wino, mimi nikawa napanga mafaili pembeni. Aliandika tarehe, akaandika jina lake, akaandika "kwa hiari yangu", akasimama hapo. Nilisikia mngurumo wa pikipiki barabarani, ukapita, ukaja mwingine. Baada ya muda akasema, bila kuinua kichwa, kwamba baba yake amekwisha kukopa kwenye SACCOS kwa ajili ya sherehe. Nikamwuliza, "Na wewe?" Akaifunika kalamu.

Leo anafundisha hisabati sekondari, ana mke na watoto wawili, na kwaya yake inaimba vizuri kuliko zote tulizo nazo. Deni la SACCOS lililipwa, kama madeni mengine yanavyolipwa. Laiti angemalizia ile sentensi kwa kumwogopa baba, leo tungekuwa na padre mwenye uchungu moyoni, anayewafokea wazee kwenye kitubio, na waamini wa parokia fulani wangekuwa wanaulizana kuna nini.

Mimi mwenyewe, kati ya tulioanza falsafa pamoja, chini ya nusu ndio tuliopadrishwa. Mmoja ni hakimu. Mwingine ana duka la vifaa vya ujenzi, na ndiye aliyetoa bati za kigango chetu cha mwisho. Rais wa awamu ya tatu, Benjamin Mkapa, alipita Seminari ya Kigonsera alipokuwa mvulana, na sijamsikia mtu akisema Mkapa alishindwa maisha.

Je, wapo wanaoondolewa kwa sababu ya makosa yao? Wapo, sitadanganya. Ndiyo maana kijana akija kwangu kutoka seminari au shirika jingine, siyasikii maneno yake kabla sijaandika kwa wakubwa wake wa zamani kuuliza sababu ya kuondoka. Sheria inadai ushuhuda huo. Lakini wengi wanaorudi nyumbani hawamo katika kundi hilo, na hata aliyeondolewa hastahili kusemwa kisimani.

"Amekula hela za Kanisa bure." Hili nalo husemwa na majirani. Sehemu ya ada hulipwa na familia, sehemu na jimbo, na msaada mwingine hutoka Shirika la Kipapa la Mtakatifu Petro Mtume, lililoanzishwa Caen, Ufaransa, mwaka 1889 na Jeanne Bigard na mama yake ili kusaidia malezi ya mapadre wazalendo katika nchi za misioni. Fedha hizo ni za malezi, na malezi hayo aliyetoka ameyapata. Jimbo letu halijawahi kumdai mtu.

Ushauri wangu, ambao wazazi huupokea kwa kucheka mpaka waone sicheki: msimwite mtoto "Padre" kabla hajapewa daraja. Mwiteni jina lake la ubatizo. Akija likizo msimtandikie kitanda cha wageni wala kumchinjia kuku kila Jumapili; mpeni jembe, afue nguo zake, apike ugali wake. Frateri anayenawishwa mikono na wadogo zake miaka minane atapata taabu siku anapangiwa parokia ambayo mpishi ni yeye.

Dhana nyingine potofu ninazozisikia nizitaje moja moja na kuzijibu upesi.

Mtoto wa nje ya ndoa hawezi kuwa padre. Hili angalau lina asili. Sheria ya Kanisa ya mwaka 1917 kweli iliweka kizuizi hicho, na mtu alihitaji ruhusa maalumu. Sheria mpya, iliyoanza kutumika tarehe 27 Novemba 1983, imekiondoa. Imepita miaka zaidi ya 40, na bado kuna makatekista wanaowarudisha vijana getini kwa jambo hili. Naomba waache.

Lazima uwe umesoma seminari ndogo, yaani sekondari ya Kanisa ya wavulana wanaofikiria upadre. Hapana. Rubya, Maua, Kaengesa na nyinginezo zimetupa mapadre wengi, lakini nawapokea pia vijana wa shule za serikali waliomaliza kidato cha sita, na mara nyingine wao ndio wanaojua walichokifuata. Ninachokiangalia kwanza ni kama paroko anamjua kijana kwa jina.

Nimechelewa, nina miaka 28. Hujachelewa. Sheria imeweka umri wa chini: miaka 23 kamili kwa ushemasi, 25 kamili kwa upadre, na miezi 6 kwa uchache kati ya daraja hizo mbili. Umri wa juu kila askofu ana busara yake.

Mapadre wote wameweka nadhiri ya ufukara, basi mbona yule ana gari? Padre wa jimbo haweki nadhiri. Anapopewa ushemasi anaahidi useja, na anamwahidi askofu wake utii. Nadhiri za ufukara, useja na utii ni za watawa: Wabenediktini, Wakapuchini, Wasalesiani na wengine. Padre wa jimbo anaweza kurithi shamba la baba yake na kununua gari, ingawa sheria inamtaka aishi maisha ya kawaida, na kufanya biashara bila kibali imekatazwa. Ukiona padre ana mabasi mawili ya abiria, hapo uliza.

Bruda ni padre aliyeshindwa masomo. Hili linaniudhi karibu sawa na lile la kwanza. Bruda ni mtawa. Hakuomba upadre, na wengi wao hawautaki. Nenda kwenye monasteri ya Ndanda au Peramiho uwatafute mabruda kwenye karakana, halafu uwaambie wameshindwa. Sista naye si mkleri. Wakleri ni mashemasi, mapadre na maaskofu tu.

Useja utafutwa, niingie nikisubiri. Kuna mapadre Wakatoliki wenye wake, ni kweli. Wamo katika Makanisa ya Mashariki, kama Ukraine na Lebanon, na wamo waliokuwa makasisi wa Kianglikana wakaingia kwetu, hasa baada ya utaratibu aliouweka Papa Benedikto XVI mwaka 2009. Lakini hao walioa kabla ya daraja. Kuoa ukishakuwa padre hakupo Mashariki wala Magharibi. Kijana anayeniambia anasubiri sheria ibadilike namshauri aoe sasa.

Akiacha upadre anakuwa mlei, muumini asiye na daraja, kama kawaida. Anaondolewa wajibu na haki za wakleri, na haruhusiwi kuadhimisha. Daraja yenyewe haifutiki. Ndiyo maana mtu akiwa katika hatari ya kufa, padre yeyote, hata huyo aliyeacha, anaweza kumwondolea dhambi kihalali. Hii ipo kanuni ya 976, kwa wanaopenda kubishana.

Barua za maombi kwa mwaka ujao nimeanza kupokea. Leteni cheti cha ubatizo na cha kipaimara, cheti cha ndoa ya wazazi kama ipo, vyeti vya shule, taarifa ya daktari na barua ya paroko iliyofungwa. Na ile barua ya maombi yenyewe aiandike kijana. Wiki iliyopita nimerudisha tatu. Miandiko ya akina baba ninaifahamu, ndiyo ileile ya kwenye bahasha za zaka.