Shomoro ni shomoro? Mtazame jicho

"Shomoro wote wa Nairobi ni wale wale."
La. Yule anayedonoa makombo ya mandazi chini ya meza za mkahawa mara nyingi ni shomoro wa nyumbani, Passer domesticus. Ukienda Karen, Lang'ata au kwenye Mbuga ya Taifa ya Nairobi, utakutana na nduguye, shomoro wa Kenya, Passer rufocinctus. Madume wa aina zote mbili wana utosi wa kijivu na baka jeusi kooni, ndiyo maana watu huwachanganya. Subiri ageuze kichwa. Wa Kenya ana jicho jeupe kama maziwa, na kusema kweli linampa sura ya mtu anayedai deni. La wa nyumbani ni jeusi. Akiruka, tazama mgongo karibu na mkia: wa Kenya ana rangi ya kutu, wa nyumbani ana kijivu.

"Wasio na baka jeusi ni makinda."
Wengi wao ni majike. Jike wa nyumbani hana baka kabisa, ila mstari hafifu nyuma ya jicho. Wa Kenya ana kivuli cha kijivu kooni, na jicho lake ni jeupe vilevile, kwa hiyo mimi huanza na jicho, koo baadaye. Koo hata kwa dume wa nyumbani hudanganya: manyoya mapya huwa na ncha za kijivu zinazoficha weusi, na baka hujitokeza vizuri ncha hizo zikishalika.

"Wa mjini ndiye mwenyeji."
Kinyume chake. Wa nyumbani asili yake ni Ulaya, Asia na Afrika Kaskazini. Huku kwetu aliingilia Mombasa, akapanda bara akifuata makazi ya watu. Wa Kenya, aliyeelezwa kisayansi mwaka 1884, anapatikana Kenya na kaskazini mwa Tanzania tu. Lakini usimtafute porini peke yake. Naye huingia bustanini na kukaa karibu na nyumba.

"Shomoro hula nafaka tu."
Makinda hulishwa wadudu.

Na ukimwona mwenye kichwa chote cha kijivu, bila baka lolote? Huyo ni shomoro wa tatu, usimwingize kwenye ugomvi huu.