Kabla kiinua mgongo hakijageuka kiwanja

Afande aliyestaafu akifika ofisini kwangu hapa Malindi, mara nyingi mkononi ana karatasi ya mauzo yenye muhuri wa chifu na kwenye simu ana picha ya kiwanja. Ameshalipa. Kazi yangu ni kuwasaidia wanajeshi wastaafu na familia zao kupata makao ya kudumu, na ningeomba sana tuonane kabla ya hiyo karatasi.

Kambini nyumba huja na kazi. Kazi ikiisha, nyumba nayo imeisha. Mtu ana familia ya kuhamisha, na wakati huohuo ameshika kwa mkupuo mmoja pesa ambazo hajawahi kuzishika. Dalali anazinusa. Halafu pwani yetu ina mambo yake. Sheria ya Hati za Ardhi ya 1908 iliwapa hati wachache waliowahi kudai, wengi wakabaki wapangaji wa ardhi au maskwota kwenye mashamba ya matajiri wasioishi hapa. Ndiyo maana Malindi utamkuta mtu ana nyumba yake ya mawe, lakini kila mwezi anamlipa mwenye shamba kodi ya ardhi. Kuinunua nyumba kama hiyo si haramu, mradi ujue umenunua kuta na paa tu.

Chifu hana uwezo wa kuhamisha ardhi. Mkataba wa mauzo lazima uandikwe, utiwe sahihi na pande zote na ushuhudiwe. Shamba la kilimo linahitaji pia kibali cha bodi ya ardhi, na maombi yapelekwe ndani ya miezi 6 tangu mkataba. Bila kibali, mauzo ni batili. Upekuzi kwenye masjala ya ardhi uje kabla ya shilingi ya kwanza kutoka. Wengine huniona mwenye wasiwasi kupita kiasi. Sawa tu.

Ushauri wangu kwa wengi ni wapange kwanza, tena nyumba ambayo pensheni ya mwezi peke yake inaweza kuilipia bila kugusa kiinua mgongo. Marekani wana mpango wa serikali uitwao HUD-VASH: mwanajeshi wa zamani asiye na makao hupewa vocha ya kodi ya nyumba, yeye huchangia takriban asilimia 30 ya kipato chake, na kuna mhudumu anayemfuatilia. Mwaka 2010 wanajeshi wa zamani wasio na makao huko walihesabiwa zaidi ya 74,000. Mwaka 2024 walikuwa chini ya 33,000. Vocha hatuna. Kumfuatilia mtu tunaweza, na mimi naona hapo ndipo penye uzito.

Maana wapo waliorudi kutoka Somalia, ambako majeshi yetu yaliingia Oktoba 2011, na usingizi wao haujarudi. Kwenye nyumba zetu za vyumba vya kupanga, chini ya makuti, ukuta wa ndani mara nyingi haufiki juu. Mtu akipiga kelele usiku wa manane, ukumbi mzima umeamka, na mwisho wa mwezi mwenye nyumba anataka chumba chake. Huyo simtafutii chumba mtaa wa Majengo hata kiwe rahisi vipi. Bora nyumba ndogo ya peke yake nje ya mji, Ganda au Msabaha, ingawa nauli ya kwenda hospitali itapanda. Mwenye nyumba namwomba jambo moja: kukitokea shida anipigie mimi kwanza kabla ya kutoa notisi.

Mama watoto naye lazima awepo. Nyumba ya ndoa haiuzwi wala kuwekwa rehani bila ridhaa ya wote wawili, na mkataba wa kupanga nataka ubebe majina mawili. Tukimaliza hapo namuuliza cheti cha ndoa. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa zote zisajiliwe, ya nikahi na ya kimila pia, lakini wengi hawajasajili. Afande akifariki, hicho cheti ndicho mjane ataulizwa kwanza. Kama hakipo, ndiyo kazi yetu ya wiki hiyo, na kiwanja kitangoja.