Shoka au panga? Maana ya kuchagua zana ya kukatia porini

Shoka na panga ni zana za kukatia mti kwa kupiga, ila kila moja ina njia yake. Shoka hukata kwa uzito. Panga hukata kwa kasi na wembamba wa makali. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua ubebe lipi unapokwenda kupiga kambi, ingawa wengi wetu tunachagua kwa mazoea: wa pwani anabeba panga kwa sababu ndilo alilokulia nalo, wa nyanda za juu anabeba shoka kwa sababu ndilo linalochanja kuni za nyumbani. Mazoea hayo yana akili ndani yake, na ni vizuri kuijua akili yenyewe, maana siku ukiingia msitu wa aina nyingine mazoea peke yake hayatakufikisha mbali.

Chukua shoka la kawaida la dukani. Kichwa chake kina kilo moja na nusu hivi, na mpini una sentimita 70 hadi 90. Karibu uzito wote umekaa nyuma ya makali, kwenye eneo lisilozidi kiganja. Likishuka, uzito huo unafika mahali pamoja kwa mara moja na kuzama kwenye mti. Panga lina nusu kilo au zaidi kidogo, chuma cha unene wa milimita mbili au tatu kilichotandazwa kwenye urefu wa karibu nusu mita. Linapogonga, ni sehemu ndogo tu ya chuma hicho iliyo nyuma ya pigo.

Kinacholiokoa panga ni kasi. Ukiongeza uzito wa zana mara mbili, nishati ya pigo huongezeka mara mbili. Ukiongeza kasi mara mbili, nishati huongezeka mara nne. Mkono mmoja unaweza kulipeleka panga kwa kasi na kulirudisha papo hapo, pigo juu ya pigo, kwa muda mrefu, ukiwa umesimama, umeinama au umejibana kwenye kichaka. Shoka kubwa linataka mikono miwili, miguu iliyosimama imara na nafasi ya kulizungusha.

Panga la Afrika Mashariki, lile lenye tumbo pana kuelekea ncha, limesogezewa uzito mbele kwa makusudi. Pigo lake zuri hutua kwenye huo upana, kama theluthi ya urefu kutoka nchani. Ukigongea karibu na mpini, pigo linakuwa dhaifu. Ukigongea nchani kabisa, panga linatetemeka na mkono unakufa ganzi.

Halafu kuna umbo la makali. Shoka lina mashavu yaliyonenepa nyuma ya makali, na kazi yake ni ya kabari: linaingia, linapanua, kipande kinaruka. Panga halina mashavu. Linapita ndani ya kitu laini bila kusukuma chochote, lakini kwenye gogo nene linanasa, na nguvu nyingi huishia kwenye kulichomoa.

Mtazame muuza madafu kando ya barabara yoyote ya Dar es Salaam au Mombasa. Dafu limekaa kwenye kiganja cha kushoto. Panga linashuka likiwa limelala kidogo, kipande cha kumbi kinaondoka, dafu linazungushwa, linapigwa tena upande wa pili, mpaka juu kunabaki utando mwembamba. Pigo la mwisho ni dogo sana, la kifundo cha mkono tu, na mdomo unafunguka bila maji kumwagika. Hapo kuna nguvu na wepesi katika mkono uleule, ndani ya nusu dakika. Ndiyo sababu mtu aliyelizoea panga hulitumia kwa kazi ambazo wenzake wanabebea kisu, shoka na msumeno.

Sasa uoto. Mahali penye mvua na majani mengi, panga ndilo mwenyewe: migomba, matete, vichaka, kamba za msituni zinazoning'inia, miti michanga ya kusimamishia hema. Vitu hivyo vinayumba vikipigwa. Shoka likigonga kitu kinachoyumba, uzito wake unapotea kwa kukisukuma tu. Panga linawahi kupita kabla hakijakimbia. Ndiyo maana katika misitu ya Kongo, kama ilivyo Amazon au Malaysia na Indonesia kwenye panga lao liitwalo parang, mtu anaingia msituni na bapa refu mkononi.

Mwanzi ni mfano mzuri zaidi. Kwenye ukanda wa mianzi wa Mlima Kenya na Aberdare, mwenye shoka anataabika, kwa sababu mwanzi ni mgumu nje na mtupu ndani, hivyo shoka hudunda au huuponda. Mwenye panga anaukata kwa mshazari kwa mapigo machache. Kisha anauegemeza, anaweka makali kwenye mdomo wa mwanzi, anagonga mgongo wa panga kwa rungu, na mwanzi wenyewe unapasuka kufuata nyuzi zake hadi chini. Kitanda, rafu ya vyombo, paa la kibanda, yote yanatoka humo.

Nenda upande wa miombo, Tabora au Katavi, hali inabadilika. Miti mingi ya huko ni migumu, na ikikauka inakuwa migumu maradufu. Mpingo ni mzito kiasi kwamba kipande chake kinazama majini. Ukiupiga panga jembamba, makali yanameguka au yanajikunja. Huko shoka lina haki yake. Hata kwenye migunga ya nyanda kavu nisingeenda bila shoka nikijua nakaa muda mrefu, ingawa kazi ya kwanza ni ya panga: kusafisha matawi ya miiba ili uweze kulisogelea shina bila kuchanika.

Sababu nyingine kubwa ya shoka ni baridi. Makete au Njombe mwezi wa Julai, moto wa vijiti hauwezi kukufikisha asubuhi. Unahitaji magogo yanayoungua taratibu usiku kucha, na magogo huchanjwa kwa shoka. Sweden, Finland na Canada wana utamaduni mzito wa shoka kwa sababu hiyohiyo: majira ya baridi marefu, na misonobari yenye shina lililonyooka linalopasuka vizuri. Nalitaja kwa sababu vijana wengi wanajifunza maisha ya porini kwa video za kutoka huko, kisha wananunua kishoka kizuri cha bei kubwa na kwenda nacho kwenye vichaka vya Bagamoyo. Kishoka hakina kosa, ila kimechaguliwa kwa ajili ya msitu mwingine.

Kwa hiyo, kama fedha yako inatosha zana moja tu na unapiga kambi ya siku mbili tatu katika nchi zetu, nunua panga. Kuni za kupikia hazihitaji kuzidi unene wa kifundo cha mkono, na nyingi za unene huo huvunjika kwa kuzibana kwenye panda ya mti. Zilizobaki panga linazimaliza, na kwa msaada wa rungu linaweza hata kupasua vipande vifupi visivyo na fundo. Shoka linakuja pale unapokwenda kwenye baridi, kwenye mti mgumu, au unapojenga kitu cha kudumu.

Kuna jambo la usalama ambalo wengi wanalifahamu kinyume. Watu hudhani kishoka ni salama kuliko shoka refu. Shoka refu likikosa mti, mzunguko wake mara nyingi huishia ardhini mbele yako. Kishoka kikikosa, mzunguko wake mfupi unaishia gotini au kwenye muundi wako. Ukitumia kishoka, piga magoti, na kuni iwe juu ya gogo jingine, ili kikipitiliza kizame kwenye gogo au ardhini. Panga nalo huumiza kwa kuteleza: limepiga tawi kwa pembe mbaya, likachepuka kuelekea mguu wa mbele. Kata ukielekeza pigo nje ya mwili, na kabla ya kuanza nyoosha mkono wenye zana uzunguke taratibu. Asiwepo mtu wala tawi la kukwamia ndani ya duara hilo, kama skauti wanavyofundishwa.

Na kabla ya yote, ujue unakata wapi. Kilimanjaro hairuhusiwi kuwasha moto wa kuni kabisa, na kwenye misitu ya hifadhi, uliza kibali kwanza kwa wakala wa misitu wa serikali, TFS kwa Tanzania na KFS kwa Kenya. Mti mbichi uliosimama uache. Kuni kavu zilizoanguka zinawaka vizuri zaidi hata hivyo.

Ukiingia dukani, fahamu kwamba panga jipya mara nyingi halijanolewa. Nunua pia tupa ya kunolea. Sukuma tupa kuelekea makali kwa pembe ileile pande zote mbili, kisha maliza kwa jiwe la kunolea. Yale ya wahunzi yaliyofuliwa kwa springi za gari ni mazito kidogo, lakini chuma chake ni kizuri na yanatunza makali. Pwani lipake mafuta kila ukimaliza kazi, hata ya nazi, kwani hewa ya chumvi haikawii kuleta kutu.

Kwa shoka, kagua mpini kabla ya kichwa. Tazama nyuzi za mti ukiwa umeuelekeza machoni: zinapaswa kwenda sambamba na urefu wa mpini, zisikatize kando, maana mpini wenye nyuzi zilizokatiza huvunjika ghafla. Kichwa kikilegea, watu hulitumbukiza shoka kwenye maji ili mti uvimbe. Linashika kwa siku moja, na likikauka linalegea kuliko mwanzo. Dawa ni kabari mpya. Shoka la kienyeji halina shida hiyo: chuma chake kina mkia uliopenyezwa kwenye kichwa kinene cha mpini, na kila pigo linaukaza zaidi. Mpini wake ukivunjika, unakata mwingine palepale, mkole ukipatikana ni mzuri, unatoboa kwa chuma cha moto na kuendelea na kazi siku hiyohiyo.