Je, wajua kwa nini gari la gemu la zamani huvuta upande ilhali usukani umenyooka?

Ukikalia mashine ya gemu ya magari ya miaka ya 1980, yale makabati makubwa yenye usukani, pedeli na tundu la sarafu, unaweza kukutana na jambo hili: usukani umeushika sawasawa, barabara imenyooka, lakini gari linatetemeka kisha linavuta kushoto kama lililokosa alaimenti. Wengi husema bodi, yaani sakiti inayoendesha gemu, imekufa. Mara nyingi bodi ni nzima kabisa. Mgonjwa ni kifaa kidogo kama kizibo cha soda, na kinafanana na ulichonacho nyumbani kwenye redio: voliumu.

Ndiyo, voliumu. Katika Out Run, gemu iliyotolewa na Sega mwaka 1986, usukani huzungusha gia, na gia huzungusha voliumu iliyofichwa nyuma yake. Ndani kuna ukanda wa kaboni uliojikunja kama bangili iliyokatwa, na juu yake kijiulimi cha chuma kinateleza. Ncha moja ya ukanda ina volti 5, nyingine sifuri. Kijiulimi kikiwa katikati hutoa volti 2.5. Bodi huigeuza volti hiyo kuwa namba kati ya 0 na 255, ambapo 128 ndiyo katikati, na hapo gari hunyooka.

Sasa jiulize, usukani hushinda wapi? Katikati. Kijiulimi kinasugua palepale miaka nenda rudi mpaka kaboni inalika. Hapo mguso unakatika na kurudi, na namba zinarukaruka. Ni ile kwaruzo ya redio kuukuu unapoongeza sauti, ila hapa kwaruzo unaiona kwa macho. Kwetu Dodoma, lile vumbi jekundu la kiangazi huongeza kasi ya uharibifu, kwa sababu likiingia mle ndani hufanya kazi ya msasa.

Tulipofufua kabati moja pale Majengo, voliumu ya zamani tulipoifungua ilikuwa na alama nyeupe katikati, kaboni imekwisha. Tukachukua mpya dukani, ya redio, tukachoma risasi waya zake tatu. Gari likavuta upande mmoja zaidi kuliko mwanzo! Fundi mwenzangu akashika mita: usukani katikati, volti 0.6.

"Kaka, hebu soma ubavuni," akaniambia. Iliandikwa A10K; hiyo 10K ni ukinzani wa ohm 10,000.

Hiyo A ndiyo siri, na ningependa kila fundi aijue. Sikio la binadamu halisikii sauti kwa mstari ulionyooka, kwa hiyo voliumu nyingi za redio hutengenezwa zipande taratibu mwanzoni na kwa kasi mwishoni. Ukiizungusha nusu, hutoa kama sehemu moja tu ya kumi. Usukani unataka nusu iwe nusu, na hiyo ni herufi B. Tulipoweka B10K, mita ikasoma 2.5. Ya awali ilikuwa 5K, lakini hilo halikutusumbua: kifaa kinagawa volti, na nusu ya 10 ni nusu sawa na nusu ya 5.

Ipo pia dawa ya kisasa inayodumu zaidi. Ni sensa ya sumaku, inayotumia jambo aliloligundua Edwin Hall mwaka 1879: sumaku husukuma umeme unaopita kando yake. Sumaku hukaa kwenye ncha ya mhimili, sensa hukaa mbele yake, na havigusani, kwa hiyo hakuna cha kulika. Nayo ina waya tatu na hutoa volti zilezile, hata bodi ya 1986 haitambui kwamba imebadilishiwa. Angalia tu pembe yake: sensa iliyopangwa kwa mzunguko mzima haitafika mwisho wa namba kwenye usukani unaozunguka robo tatu, na gari litakataa kukata kona kali.

Kabla ya hayo yote, soma kibandiko cha umeme. Mashine ya Japani inataka volti 100, sisi tuna 230, kwa hiyo transfoma ya kushushia umeme ni lazima. Na ile skrini ya chogo usiiguse kwa pupa: inaweza kuhifadhi takriban volti 20,000 hata plagi ikiwa imechomolewa.