Shokapu Haibebi Gari: Kinachochakaa Chini ya SUV ya Zamani

SUV ikiinama nyuma, jibu la haraka huwa ni lile lile: shokapu zimekufa, weka mpya. Mwenye gari ananunua, anafungiwa, na gari linabaki limeinama vile vile. Pesa imekwenda kwenye kipuri ambacho hakihusiki, kwa sababu shokapu haibebi gari. Uzito wote wa bodi, injini, abiria na mizigo unabebwa na springi. Shokapu ina kazi nyingine kabisa, na ukishaielewa kazi hiyo utajua kipi cha kubadilisha, kipi cha kuacha, na kwa nini gari lenye shokapu mpya kabisa linaweza kuendelea kugonga chini.

Springi ikibonyezwa inatunza nguvu, ikiachiwa inairudisha. Tairi likipanda tuta springi inajikunja, likishuka inajinyoosha, lakini haiishii pale ilipoanzia: inapitiliza, inarudi, inapitiliza tena. Mtoto akisukumwa mara moja kwenye pembea ataendelea kwenda mbele na nyuma muda mrefu mpaka mtu aishike kamba. Shokapu ndiyo huyo anayeshika kamba. Inachukua nguvu ambayo springi inataka kuirudisha, inaigeuza joto, na joto hilo linapotelea hewani.

Mitikisiko ya kuzimwa ni miwili. Wa kwanza ni wa bodi, ambayo ikiachwa huru hupanda na kushuka mara 1 hadi 2 kwa sekunde. Huu abiria wote wanausikia tumboni. Wa pili ni wa tairi pamoja na ekseli au mikono ya chuma inayolishika. Hivi ni vyepesi kuliko bodi, kwa hiyo hutetemeka haraka zaidi, mara 10 hadi 15 hivi kwa sekunde, na mara nyingi dereva hausikii kabisa. Kwangu mimi huu wa pili ndio muhimu zaidi. Ndio unaoamua kama tairi linakanyaga barabara au linarukaruka juu yake, na tairi lililo hewani halifungi breki wala halikati kona. Ndiyo maana huwa siwaelewi wanaoiweka shokapu kwenye fungu la starehe. Ni kifaa cha usalama, cha kuhesabiwa pamoja na breki na matairi.

Ndani yake si kitu cha ajabu: silinda iliyojaa mafuta, fimbo, na pistoni yenye vitundu na vali ndogo. Fimbo ikisukumwa au ikivutwa, mafuta yanalazimika kupenya kwenye vitundu hivyo, na ugumu wa kupenya ndio breki yenyewe. Kwa kawaida vali hupangwa ili shokapu iwe ngumu zaidi inapovutwa kuliko inapobonyezwa, kwa kuwa wakati wa kuvutwa ndipo springi inarusha bodi juu. Nyingi zilizofungwa kiwandani zina silinda mbili, moja ndani ya nyingine, na mafuta huhama kati yake. Nyingine zina silinda moja yenye gesi ya naitrojeni ya shinikizo kubwa, iliyotengwa na mafuta kwa pistoni inayoelea. Bilstein walianza kuzitengeneza hizi za silinda moja kwa wingi mwaka 1957 kwa ajili ya magari ya Mercedes-Benz. Faida yake inaonekana kwenye barabara ya vumbi yenye mikunjo ya karibu karibu. Pale pistoni inakwenda na kurudi haraka mno, mafuta yanapata joto, na kwenye shokapu ya silinda mbili yanaweza kuchanganyika na gesi na kutoa povu. Povu halina ukinzani wa kutosha. Shokapu iliyokuwa nzima asubuhi inalegea baada ya mwendo mrefu wa aina hiyo, ikipoa inarudi kawaida, na mwenye gari akiipeleka gereji haionyeshi tatizo.

Kuchakaa kwenyewe kunakuja taratibu sana, na hilo ndilo linalofanya watu wachelewe. Vali zinalika, mafuta yanachoka, sili, ule mpira unaozuia mafuta pale fimbo inapotokea, inaanza kuvuja, na dereva anazoea kila siku kidogo. Watengenezaji kadhaa wa shokapu hutaja kilomita 80,000 kama umbali wa kufikiria kubadilisha, lakini gari linalobeba mizigo kwenye barabara mbovu linaweza kufika huko likiwa limechelewa tayari. Tazama tairi. Shokapu ikiwa imechoka, tairi huliwa kwa mabonde mabonde: ukipitisha kiganja kuzunguka uso wake utahisi inapanda na kushuka, tofauti na tairi lililoliwa upande mmoja kwa sababu alaimenti, yaani pembe za magurudumu, haiko sawa. Tazama pia mwili wa shokapu. Unyevu mwepesi wa mafuta ulioshika vumbi karibu na fimbo si ugonjwa. Mafuta yanayotiririka mpaka chini ni ugonjwa.

Jaribio la kubonyeza kona ya gari na kuhesabu linavyocheza limeenea sana, lakini kwenye SUV nzito naliamini nusu tu. Springi zake ni ngumu, bushi (viungio vya raba) zinashika, na mkono wa mtu haufikishi kasi ambayo vali huanza kufanya kazi kwa nguvu. Likiendelea kuyumba baada ya kuachiwa, shokapu imekwisha, hapo hakuna mjadala. Lakini lisipoyumba, bado hujathibitisha lolote. Lililo bora ni joto. Endesha kwenye barabara yenye mitikisiko kwa muda wa kutosha, simama mahali salama, kisha sogeza mkono karibu na kila shokapu kabla hujaigusa, mbali na bomba la moshi. Zinazofanya kazi zitakuwa za moto, na mbili za ekseli moja zitalingana. Ukikuta moja baridi wakati mwenzake anachoma, hiyo baridi haizuii kitu.

Sasa turudi kwenye gari lililoinama. Pima kutoka katikati ya habu, yaani kitovu cha gurudumu, kwenda juu hadi ukingo wa bodi, gari likiwa kwenye sakafu tambarare. Usipime kutoka chini, maana tairi lenye upepo pungufu litakudanganya. Linganisha kushoto na kulia, kisha linganisha na kipimo kilichoandikwa kwenye kitabu cha ufundi cha gari hilo. Kikipungua, springi imechoka au imekatika, na koili springi hupenda kukatika kwenye mzunguko wa chini kabisa, mahali panapotunza tope na maji. SUV nyingine, kama Land Cruiser 100 ya ekseli huru mbele (kila gurudumu linasogea peke yake), hazina koili upande wa mbele. Zina fito ndefu ya chuma inayojisokota, na kuna bolti ya kurekebisha kimo. Bolti hiyo inarudisha kimo kilichopotea, sawa, lakini watu huikaza mpaka gari linyanyuke kupita kawaida, na matokeo yake mkono unakosa nafasi ya kushuka, na jointi za ekseli zinafanya kazi kwenye pembe kali na kuisha mapema.

Kugonga ni tatizo lingine, na mara nyingi shokapu haimo kabisa. Kila mahali ambapo mkono wa chuma umeshikizwa kwenye chasisi kuna bushi: bomba la chuma katikati, raba kuzunguka, na gamba la nje. Raba ikipasuka, chuma kinapata nafasi ya kusogea, na dereva anasikia mlio wa kugonga akipita kwenye shimo au akikanyaga breki. Boljointi (kiungo cha tufe kinachounganisha mkono na gurudumu) na tairodi endi (kiungo cha mwisho wa fimbo ya usukani) nazo hulegea. Stabilaiza linki, kifimbo kinachoshika ile fito ya kuzuia gari kulala kwenye kona, ndiyo ndogo na rahisi kuliko zote, nayo hupiga kelele nyingi kuliko ukubwa wake. Anza na hiyo kabla ya kushuku vitu vikubwa.

Kuzikagua, gari linyanyuliwe na kukaa kwenye stendi, si kwenye jeki peke yake. Shika tairi juu na chini ulitikise: likicheza, ni boljointi au beringi ya habu. Mwambie mtu akanyage breki huku unaendelea kutikisa. Mchezo ukipotea, ni beringi. Kisha shika kushoto na kulia. Mchezo wa huku mara nyingi ni tairodi endi. Kuna jambo moja linalowapotosha hata mafundi. Kwenye gari ambalo springi yake imekaa juu ya mkono wa chini, gari likining'inia springi inaendelea kuubana mkono huo na boljointi inaonekana ngumu hata kama imekufa. Weka jeki chini ya mkono wenyewe, unyanyue mpaka tairi liache ardhi kidogo, ndipo uingize mtaimbo chini ya tairi na kulipima. Boljointi ikichomoka njiani gurudumu linalala, na breki haitakusaidia.

Magari yenye ekseli nzima mbele, yaani ekseli moja inayounganisha magurudumu yote mawili, kama Land Cruiser 80 au Nissan Patrol Y61, yana ugonjwa wao. Ukipita kwenye tuta dogo kwa kasi fulani, usukani unaanza kutetemeka kushoto kulia kwa nguvu mpaka upunguze mwendo. Wengi hukimbilia kubadilisha shokapu ya stelingi, ile ndogo iliyofungwa kwenye fimbo za usukani, na kweli mtetemeko unatulia kwa muda. Hapo umeufunika ugonjwa, hujautibu. Kagua bushi za panhadi rodi (fimbo inayozuia ekseli isisogee kando), tairodi endi, beringi za nako (kiungo ambacho gurudumu hugeukia), na balansi ya matairi. Nikiona shokapu mpya ya stelingi kwenye gari kuukuu, naanza kutafuta kinachofichwa.

Pesa ikiwa haitoshi kwa yote, mimi huanza na kile kinachoshika gurudumu: boljointi na tairodi endi. Zifuate bushi za mikono, kisha shokapu, na springi mwisho kama kimo bado kipo. Shokapu mpya juu ya bushi zilizopasuka haiwezi kuonyesha uwezo wake, kwa sababu chuma kinasogea kabla haijaanza kuzuia. Shokapu zibadilishwe mbili mbili kwa ekseli, maana moja mpya na moja iliyochoka zinalifanya gari litende tofauti kila upande. Usinunue ngumu kwa sababu tu ni ngumu. Shokapu lazima ilingane na springi: ikizidi ugumu, tairi linashindwa kufuata barabara na kuanza kuruka, na hapo umerudi kwenye tatizo ulilotaka kuondoa. Gari lililonyanyuliwa linahitaji shokapu ndefu zaidi, la sivyo fimbo itafika mwisho kila tairi linaposhuka.

Kuhusu bushi, kuna za raba na za poliyurethani. Hizi za pili ni ngumu na hudumu, lakini hupitisha mitikisiko zaidi, huhitaji grisi ya kwake ili zisilie, na kwenye mikono ya ekseli nzima zinaweza kuizuia ekseli isijipinde inavyotakiwa. Kwa gari la kazi za kila siku nachagua raba nzuri.

Kwenye kufunga, dondosha mafuta ya kulainisha kutu kwenye bolti siku moja kabla. Ekseli itegemezwe na jeki, kwa sababu kwenye magari mengi ya koili shokapu ndiyo inayozuia ekseli isishuke kupita kiasi. Ukiitoa, ekseli inaweza kuvuta mpira wa breki au waya wa ABS. Shokapu mpya ya silinda mbili ambayo ilikaa dukani imelala, isimamishe wima na uisukume na kuivuta mara kadhaa mpaka hewa itoke na uhisi ugumu ule ule mwanzo hadi mwisho. Usiibane fimbo kwa koleo. Mkwaruzo mdogo kwenye ile kromu utachana sili, na shokapu mpya itaanza kuvuja ndani ya muda mfupi.

Kama gari ni la strati, mfano RAV4 ya 1994, ambapo springi na shokapu zimeunganishwa kuwa kitu kimoja, nati ya katikati juu isiguswe mpaka springi iwe imebanwa kwa kifaa chake. Springi iliyobanwa ikiachiwa ghafla inaua. Asiye na kifaa kizuri cha kubania aipeleke kazi hiyo kwa aliye nacho.

Na kosa linaloharibu kazi nzuri kuliko yote: kukaza bushi za raba gari likiwa linaning'inia. Bomba la katikati la bushi hubanwa na bolti lisizunguke kabisa, na raba imeshikamana nalo. Mkono ukipanda au kushuka, raba ndiyo inayojisokota. Ukikaza tairi likiwa limening'inia, umeifundisha raba kwamba hapo chini ndipo pa kupumzika. Ukilishusha gari, mkono unapanda, na raba inabaki imesokotwa muda wote, hata gari likiwa limeegeshwa. Itapasuka mapema, na mwenye gari atalaumu kipuri. Ingiza bolti zote, zikaze kwa mkono tu, shusha gari likae kwenye magurudumu yake, litikise lipate kimo chake, halafu ndipo ukaze kwa nguvu iliyoandikwa kwenye kitabu.

Ukibadilisha shokapu tupu kwenye ekseli nzima, alaimenti haijaguswa. Ukigusa kontroli amu (ile mikono ya chuma), boljointi, tairodi endi, strati au ile fito ya kimo, alaimenti ni lazima, na ifanywe baada ya bushi kukazwa na kimo kuwa sawa, si kabla. Baada ya kilomita mia chache, rudi chini ya gari na spana ukague kila bolti uliyoifungua, na uhakikishe mipira ya breki haigusani na kitu usukani ukikatwa mpaka mwisho pande zote mbili.